Kukaa na Mwili Wakati wa Kipimo

Kuna maumivu yanayoletwa na ugonjwa, na kuna yanayoletwa na juhudi za kuutafuta ugonjwa huo. Haya ya pili hayazungumzwi sana, labda kwa sababu ni ya muda mfupi na yana manufaa, na mgonjwa anayeyalalamikia huonekana kana kwamba hathamini anachofanyiwa. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiishi na upungufu wa damu ambao chanzo chake kilichukua muda mrefu kujulikana. Katika kukitafuta nimepitishwa mrija wenye kamera kooni hadi tumboni, nimechunguzwa utumbo mpana, nimetolewa uboho kwenye mfupa wa nyonga, nimeingizwa ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu za sumaku, na nimechomwa sindano za kutoa damu mara nyingi mno. Ninachotaka kueleza ni jinsi mazoezi ya umakinifu yalivyonisaidia kuvipitia vipimo hivyo, na pia pale yaliposhindwa kunisaidia, kwa sababu naamini kwamba wagonjwa wengi huambiwa wavumilie bila kuonyeshwa namna ya kuvumilia.

Kwa umakinifu namaanisha kuielekeza akili kwa makusudi kwenye kile kinachotokea mwilini na moyoni kwa wakati huu, na kukitazama bila kukihukumu wala kukikimbia. Mizizi yake imo katika mapokeo ya Kibudha ya kutafakari, lakini sura niliyofundishwa mimi ni ile iliyoingia hospitalini mwaka 1979, pale Jon Kabat-Zinn alipoanzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ambayo baadaye yalijulikana kama programu ya wiki 8, yakiwalenga watu wenye maumivu na misongo ya muda mrefu ambao tiba za kawaida hazikuwa zimewapa nafuu ya kutosha. Mimi nilifundishwa na mwanasaikolojia wa hospitali nilikokuwa nikitibiwa. Hakunitaka nibadili imani yangu, wala hakunipa mkao wa pekee wa kukaa. Alinitaka nilale chali, nianze na vidole vya miguu, nipande polepole hadi utosini nikiuliza kila sehemu ina hali gani, na kila akili ilipotoroka niirudishe bila kuigombeza.

Mwanzoni sikuona uhusiano wa zoezi hilo na mrija wa kupitishwa kooni. Uhusiano ulionekana siku aliponitaka nimsimulie kipimo changu cha kwanza cha tumbo, tangu nilipopewa tarehe hadi niliporudi nyumbani, na kila baada ya sentensi chache akawa ananiuliza, kwa upole, wakati huo mwili wako ulikuwa unafanyiwa nini? Jibu lilikuwa lilelile karibu kila mara: hakuna. Usiku wa kuamkia kipimo nilikuwa kitandani kwangu na hakuna aliyenigusa. Kwenye benchi la kusubiri hakuna aliyenigusa. Hata juu ya kitanda cha uchunguzi, wakati muuguzi anavaa glavu na kupanga vifaa, nilikuwa tayari nimeshakaza mabega, nimeuma meno, na moyo unanienda mbio, ilhali hakuna lolote lililokuwa limeanza. Niliposhuka kwenye kitanda nilikuwa nimechoka kama mtu aliyefanyiwa kipimo kile kwa siku nne mfululizo, na kwa hakika nilikuwa nimefanyiwa, isipokuwa aliyekuwa akinifanyia ni mimi mwenyewe.

Sisemi kwamba maumivu ni ya kufikirika tu. Kauli hiyo imewaumiza wagonjwa wengi na haina ukweli. Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu, ilipoboresha ufafanuzi wake mwaka 2020, iliendelea kuyaeleza maumivu kuwa ni jambo lisilopendeza linalomfika mtu kwa hisi za mwili na kwa hisia za moyo kwa pamoja. Hiyo maana yake ni kwamba sehemu ya moyoni ni maumivu halisi sawa na ile ya mwilini. Tangu mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walipochapisha nadharia yao ya lango, imefahamika kwamba taarifa za maumivu hazipandi kutoka kwenye ngozi hadi ubongoni kama maji kwenye bomba. Ndani ya uti wa mgongo kuna mahali zinapoweza kupunguzwa au kuongezwa, na ubongo wenyewe hutuma amri za kushuka zinazoshiriki katika uamuzi huo. Hofu, matarajio na mahali tulipoielekeza akili ni miongoni mwa mambo yanayosukuma lango hilo upande mmoja au mwingine.

Kuna utafiti mmoja ambao mwanasaikolojia wangu alipenda kuutaja, na nilipousoma ulinipa moyo kwa sababu ya ufupi wa mafunzo yaliyotumika. Mwaka 2011 Fadel Zeidan na wenzake, nchini Marekani, waliwafundisha watu 15 wenye afya njema kutafakari kwa siku 4 tu, dakika 20 kila siku, kisha wakawagusisha miguuni kifaa chenye joto la nyuzi 49 wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Walipokuwa wakitafakari, ukali wa maumivu walioripoti ulishuka kwa asilimia 40 hivi, na kero yake ikashuka zaidi, kwa asilimia 57. Watu 15 ni wachache, na joto la mguuni si sawa na sindano ya mfupani. Lakini tofauti kati ya tarakimu hizo mbili inafanana na kilichonipata mimi: mara nyingi ukali ulibaki ukinitambulisha kwamba upo, ila haukunikera kwa kiwango kile cha zamani.

Kipimo cha tumbo ndicho kilichonifundisha zaidi, kwa hiyo nitakieleza kwa kirefu. Mgonjwa hukaa bila kula kwa saa 6 au zaidi, hulazwa kwa ubavu wa kushoto, hupuliziwa dawa ya ganzi kooni, na hung'ata kipande cha plastiki chenye tundu kinachokinga meno na mrija. Mrija una unene wa karibu milimita 10, na kwa kawaida kazi yote huisha ndani ya dakika 5 hadi 10. Wapo wanaopewa pia dawa ya kuwatuliza kupitia mshipa, nao huhitaji mtu wa kuwarudisha nyumbani na hawatakiwi kuendesha gari siku hiyo. Mimi, kwa kuwa siku nyingine sikuwa na mtu wa kunisindikiza, nimefanyiwa kipimo hicho zaidi ya mara moja kwa ganzi ya kooni peke yake.

Jambo gumu la kwanza ni ganzi yenyewe. Inapoanza kufanya kazi, mtu hahisi tena mate yakipita, na akili huutafsiri upungufu huo wa hisia kuwa koo limevimba na kuziba. Kisha mrija unapoingia, kila kitu mwilini kinapiga kelele kwamba njia ya hewa imefungwa. Haijafungwa. Mrija hupita kwenye umio, njia ya chakula, na njia ya hewa hubaki wazi muda wote. Nilikuwa nimeambiwa hivyo mapema, lakini maelezo ya mdomo hayana nguvu mbele ya hofu ya kukosa pumzi. Kilichokuwa na nguvu ni kuipeleka akili yote puani, kwenye ukingo wa matundu, na kuhisi hewa ikiingia na ubaridi wake na kutoka na uvuguvugu wake. Hapo pumzi haikuwa kitu cha kunituliza tu, bali ilikuwa ushahidi. Kila hewa baridi iliyoingia ilinithibitishia, kwa njia ambayo hofu haikuweza kuibishia, kwamba ninapumua.

Nilijifunza pia kurefusha pumzi ya kutoka. Moyo hupunguza mwendo kidogo kila tunapotoa hewa, na mtu anayepumua haraka haraka kwa woga hupoteza hewa ukaa nyingi kupita kiasi, matokeo yake vidole na midomo hufa ganzi na kichwa huwa chepesi, naye huogopa zaidi akidhani jambo baya limeanza. Sikuhesabu pumzi. Kuhesabu kulinifanya nisubiri mwisho, na kusubiri mwisho ndiyo kazi niliyokuwa najaribu kuiacha. Niliifuata pumzi moja hadi ikaisha, kisha nikaifuata iliyofuata.

Jambo gumu la pili ni hamu ya kutapika. Hiyo haizuiliki kwa nia njema, kwa sababu ni silika ya koo kulinda njia ya hewa, na mgonjwa hapaswi kuona haya inapomjia. Ila nilipoanza kuitazama badala ya kupambana nayo, niligundua kwamba ina umbo. Huanza nyuma ya ulimi, hupanda, hufika kilele ambapo machozi hutoka, kisha hulegea, na baada ya kulegea pana nafasi fupi ya utulivu kamili kabla ya nyingine kuja. Nilipokuwa nimekaza mwili wote sikuwahi kuziona nafasi hizo. Zilipita nikiwa bado napigana na wimbi lililokwisha. Nilipozitambua, nilizitumia kukagua taya, mabega na viganja, na karibu kila mara nilikuta sehemu moja imejikunja bila ruhusa yangu, nikaiachia. Mate niliyaacha yatiririke. Kujaribu kuyameza huamsha koo, na wauguzi wa chumba kile wana mrija wa kuyafyonza na taulo iliyowekwa tayari, kwa hiyo heshima haipungui. Hali ni hiyohiyo kwa hewa inayopulizwa tumboni ili kuta zake zionekane vizuri: inajaza, inabana, inataka kutoka kwa sauti, na ni afadhali itoke.

Muuguzi mmoja alikuwa na desturi ya kuniwekea kiganja begani na kusema kila hatua kabla haijafika. "Haya, dada, sasa mrija unapita nyuma ya ulimi. Sasa utahisi tumbo linajaa. Tumefika mbali, tunaanza kurudi." Sidhani kama alijua msaada aliokuwa akinipa. Kwa kuwa alinitajia kilichopo sasa hivi, sikuhitaji kubuni kitakachokuja. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaomba wahudumu wote wanifanyie hivyo, na ni wachache sana waliokataa.

Kipimo cha uboho ni cha aina nyingine, na hapo nililazimika kujifunza upya. Pumzi peke yake haikutosha, kwa sababu maumivu yake ni ya ghafla, ni makali, na yana mahali pake maalumu. Daktari alinieleza jambo ambalo naona kila mgonjwa anastahili kuelezwa: dawa ya ganzi huifisha ngozi, nyama, na utando mwembamba unaofunika mfupa, lakini haifiki ndani ya mfupa wenyewe. Kwa hiyo sindano ya ganzi itachoma na kuwasha kwa sekunde chache, kisha sindano kubwa itahisiwa kama msukumo mzito, na pale uboho wa majimaji unapovutwa kwa bomba la sindano patakuwa na mvuto mkali, wa ndani, unaoweza kushuka hadi mguuni, ambao hudumu sekunde chache na ganzi haiuzuii. Wapo watakaosema kwamba taarifa kama hii inamtia mgonjwa hofu. Kwangu ilikuwa kinyume. Mvuto ule ulipokuja niliutambua, na maumivu yanayotambulika hayaambatani na lile swali la kutisha la kama kuna kitu kimeharibika.

Nilichofanya ni kukitaja kila kinachotokea kwa jina lake la kawaida, kimoyomoyo. Kuchoma. Joto. Msukumo. Msukumo. Mvuto. Nilijikataza kutumia maneno kama "vibaya" na "mwisho wangu", kwa sababu hayo ni hukumu na hayaelezi mwili unahisi nini. Kazi hii ilinikumbusha mtu anayefumua uzi uliojifunga: fundo zima linatisha, lakini mkono hushika nyuzi moja baada ya nyingine, na kila uzi ukiwa peke yake ni mwembamba. Maumivu ya uboho yalipofumuliwa yalikuwa ni kuchoma kidogo, msukumo mwingi usiouma sana, mvuto mmoja wa kweli uliouma kwelikweli, na baina yao dakika kadhaa ambazo hazikuwa na maumivu yoyote. Dakika hizo, zamani, ningezijaza kwa hofu.

Na pale mvuto ulipouma kwelikweli sikujilazimisha kuukodolea macho. Watu wengi huelewa vibaya jambo hili, wakidhani kwamba umakinifu ni kujitupa katikati ya moto na kutabasamu. Mwanasaikolojia wangu alinifundisha kuwa na mahali pawili: pale panapouma, na mahali pengine palipo salama, kwa mfano kiganja cha mkono kilicholala juu ya shuka. Akili ikishindwa kukaa nyongani, huhamia kiganjani, huhisi ukwaruzo wa kitambaa, uzito wa vidole, kisha hurudi nyongani inapoweza. Kuhama huku hakuwi kukimbia kwa sababu hufanywa kwa kujua. Kulinionyesha pia kwamba sehemu kubwa ya mwili wangu ilikuwa salama muda wote, habari ambayo maumivu huificha.

Ndani ya mashine ya MRI nilikuta tatizo nisilolitarajia. Kilichokuwa kikichunguzwa ni tumbo, na picha za tumbo huharibika mtu anapopumua, kwa hiyo sauti kwenye vipokea sauti huamuru: vuta pumzi, toa, usipumue. Unakaa hivyo kwa sekunde 15 au 20, kisha unaruhusiwa. Pumzi, ambayo ndiyo nguzo niliyoizoea, ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Nilihamia kwenye nyayo za miguu. Nyayo ziko mbali na uso, hazihusiki na hewa, na katika bomba lile jembamba ndizo zilizokuwa karibu zaidi na upande ulio wazi. Nilifumba macho kabla kitanda hakijaingia ndani na sikuyafumbua hadi kilipotoka. Kelele, ambazo huweza kuzidi desibeli 100 na ndiyo maana mgonjwa hupewa vizibo vya masikio, nilizisikiliza kama sauti tu, mgongano, kisha mlio, kisha kimya, bila kuziuliza zinamaanisha nini. Kipira cha kubonyeza kumwita mhudumu nilikishika muda wote. Sikukitumia, lakini kujua kwamba naweza kutoka ndiko kulikoniwezesha kubaki.

Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu "zingatia pumzi" nikaishia hapo. Kila kipimo kinahitaji mahali pake pa kuiweka akili, na mahali hapo ni afadhali pachaguliwe mapema, nyumbani, kwa kuuliza kipimo hicho kitashika sehemu gani ya mwili na kitaiacha sehemu gani. Na ni lazima pazoewe. Akili inayofundishwa kwa mara ya kwanza ikiwa tayari imejaa hofu haijifunzi. Mimi nilifanya zoezi la kuukagua mwili karibu kila jioni, hata katika miezi ambayo sikuwa na kipimo chochote, na kwa mambo madogo nilitafuta nafasi za kujaribu: maji ya baridi mwilini, kusubiri kwenye foleni, muwasho nisioukuna mara moja.

Lipo kundi la watu ambao ushauri wa kulegeza mwili unaweza kuwaumiza, nami sikulijua hadi nilipokutana na mgonjwa mwenzangu kliniki aliyekuwa akizimia kila alipotolewa damu. Kwa watu wa namna hiyo, kuona sindano au damu hufanya shinikizo la damu na mapigo ya moyo kushuka ghafla, na kulegea huongeza mteremko huo. Mwanasaikolojia Lars-Göran Öst, wa Sweden, aliwatengenezea katika miaka ya 1980 mbinu ya kinyume: kukaza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka uso uhisi joto, kisha kuiachia kwa sekunde 20 au 30 bila kulegea kabisa, na kurudia mara kadhaa, huku mkono unaochomwa sindano ukiachwa umetulia. Mwenzangu alifundishwa hivyo na muuguzi, na umakinifu wake ukawa ni kuzitambua dalili za mwanzo, yaani jasho jembamba, giza pembeni mwa macho na sauti kusikika kwa mbali, ili aanze kukaza kabla hajachelewa. Umakinifu si sawa na utulivu. Mtu anaweza kuwa makini na mwili uliokazwa vilevile kama anavyokuwa makini na mwili uliolegea.

Baada ya kipimo, nilikuwa na mazoea ya kuruka kutoka kitandani mara tu niliporuhusiwa, ili niondoke haraka chumbani. Niliacha baada ya kusoma kuhusu utafiti wa Donald Redelmeier na Daniel Kahneman uliochapishwa mwaka 1996. Waliwafuatilia wagonjwa waliokuwa wakichunguzwa utumbo mpana na wengine waliokuwa wakivunjwa mawe ya figo, wakiwataka waseme kiwango cha maumivu kadiri kazi ilivyoendelea, kisha wakawauliza baadaye wanakumbukaje. Kumbukumbu haikufuata urefu wa kipimo. Ilifuata kilele cha maumivu na hali ilivyokuwa dakika za mwisho. Utafiti wao wa baadaye, wa mwaka 2003, ulionyesha kwamba wagonjwa ambao mwisho wa kipimo chao ulirefushwa kidogo kwa kukiacha kifaa kitulie kabla ya kutolewa walikikumbuka kipimo hicho kuwa na maumivu madogo zaidi. Tangu niliposoma hayo, huomba nilale dakika mbili au tatu baada ya kila kitu kuondolewa, na katika dakika hizo hufanya zoezi langu kwa uangalifu kuliko wakati mwingine wowote: mwili uko hapa, hakuna kinachoingizwa, hakuna kinachovutwa, pumzi inakwenda. Naamini kwamba dakika hizo ndizo zimepunguza hofu ya vipimo vilivyofuata kuliko nilichokifanya ndani ya vipimo vyenyewe, kwa kuwa mwili wangu huondoka ukiwa na kumbukumbu ya mwisho usiotisha.

Sasa niseme jambo ambalo linaniuma. Siku moja, katika utaratibu mdogo wa kushonwa, nilisema kwamba ganzi haijashika na kwamba nahisi sindano yote. Mhudumu alijua kwamba nafanya mazoezi haya, nami nilikuwa nimemweleza kwa furaha, akanijibu, "Wewe si unajua kutafakari? Pumua tu." Akaendelea. Niliinua mkono na kurudia, kwa sauti ya kutosha, kwamba naomba asimame na aniongezee ganzi, na hatimaye akafanya hivyo. Uwezo wa mgonjwa kukaa na maumivu haumpi mtu mwingine ruhusa ya kumwongezea maumivu yasiyo ya lazima. Dawa ya ganzi, dawa ya kutuliza na dawa ya usingizi ni neema kubwa za tiba, na hakuna ushujaa wowote katika kuzikataa ili kuonyesha nguvu za akili. Tena hazipingani na mazoezi haya. Mwaka 2016 kundi la Zeidan lilionyesha kwamba nafuu ya kutafakari ilibaki hata watu walipopewa naloksoni, dawa inayoziba mahali ambapo afyuni za mwili wenyewe, yaani kemikali zake za kupunguza maumivu, hufanyia kazi, jambo linaloashiria kwamba nafuu hiyo hupitia njia nyingine ubongoni.

Umakinifu wenyewe ndio ulioniwezesha kusema siku ile. Zamani nisingeweza kutofautisha kati ya hofu ya sindano na sindano isiyotiwa ganzi. Yote yangekuwa donge moja la kuogofya, nami ningenyamaza nikidhani ni udhaifu wangu. Kwa kuwa nilikuwa nimezoea kutazama, nilijua kwa uhakika ninachohisi, mahali gani, na kwamba hakikutakiwa kuwapo.

Wapo pia ambao kufumba macho na kuingia ndani ya mwili kunawaamshia mambo mazito, hasa waliowahi kudhulumiwa miili yao au waliopitia matibabu ya kutisha utotoni. Kwao ni bora macho yabaki wazi, akili ikae kwenye kitu kilicho nje, sauti ya mtu wanayemwamini au mstari wa dari, na mazoezi yafanywe pamoja na mtaalamu. Nimemwona mtu akilia kwenye darasa letu kwa sababu aliombwa aitazame pumzi yake. Mwalimu alimwachia atazame dirishani, na hapo ndipo mazoezi yake yalipoanzia.

Pale mazoezi haya yaliponisaidia kidogo kuliko nilivyotumaini ni katika kusubiri majibu. Maumivu ya kipimo yana mahali mwilini, na akili inaweza kwenda kuyatembelea. Hofu ya majibu haina mahali. Inahama kutoka kifuani hadi tumboni, inaamka nami usiku, na nikiitazama huwa na mengi ya kuniambia. Wakati wa kusubiri majibu ya uboho nilikaa nayo kadiri nilivyoweza, na nisipoweza nilimpigia simu dada yangu, ambaye hajui lolote kuhusu kutafakari, akawa anazungumza nami hadi usingizi ukanichukua.

Kipimo kingine cha uboho kimeshapangwa, kwa ajili ya kuangalia kama matibabu yanafanya kazi. Nimemwandikia daktari barua fupi yenye maombi yangu: aniambie kila hatua kabla ya kuianza, asubiri ganzi ishike kabisa, tukubaliane kwamba nikiinua mkono atasimama, na niachwe nilale kidogo mwishoni. Nimeomba pia, kwa mara ya kwanza, dawa ya kutuliza kupitia mshipa, na dada yangu amekubali kuja kunichukua. Mazoezi yangu ya jioni yanaendelea, na safari hii mahali pangu pa pili patakuwa kiganja cha mkono wa kulia, kwa kuwa wa kushoto utakuwa na sindano.